Nyumba Inapohama, Zahanati Haihami

Leo tunazungumza na wale ambao nyumba zao hazikai mahali pamoja mwaka mzima. Ikiwa unatoka Marsabit, Turkana, Samburu, Wajir au pembe nyingine ya nchi ambako watu hufuata malisho na maji, kipindi hiki ni chako. Na ikiwa unaishi mjini Isiolo au Lodwar lakini watoto wa ndugu yako wako mbali na mifugo, usibadilishe stesheni, kwa maana huenda wewe ndiwe mwenye simu inayoshika mtandao.

Kwa Wagabra na Warendille, nyumba ni ya mama. Yeye ndiye huisimamisha kwa fito zilizopindwa, akaifunika kwa mikeka na ngozi. Siku ya kuhama, yeye ndiye huifumua na kuifunga juu ya ngamia, kisha watoto wadogo na wazee wakapandishwa. Mama huyu anajua kila fito inafungwa wapi na kila kibuyu kinakaa upande gani wa mzigo. Kwa hivyo hatukuja kumfundisha mtu yeyote kuhama. Tunakuja kukuomba uongeze mfuko mmoja mdogo kwenye mzigo huo, na mambo machache ya kuamua kabla ngamia hajapigishwa magoti.

Shida yenyewe ni hii. Nyumba inahama, lakini zahanati imejengwa kwa mawe na haihami. Mtoto anadungwa chanjo ya kwanza mkiwa karibu na kituo, halafu mvua inanyesha upande wa pili wa mlima na nyote mnaondoka. Siku ya chanjo ya pili inapita. Mtoto hataugua siku hiyo, na ndiyo maana jambo hili husahaulika upesi. Ataugua miezi mingi baadaye, surua itakapopita katika kisima ambako watu wa sehemu nyingi hukutana kunywesha mifugo. Tena magonjwa haya hayajui mpaka. Mwaka 2013 ugonjwa wa kupooza, yaani polio, ulirudi Kenya na kuwapata watoto na hata watu wazima katika eneo la Dadaab, kaunti ya Garissa.

Ratiba ya chanjo kwa mtoto wa Kenya ni rahisi kukumbuka. Anapozaliwa, halafu akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha miezi 9, kisha miezi 18. Kuanzia miezi 6 anapewa pia vitamini A, na hurudia kila baada ya miezi 6 hadi afike miaka mitano. Wengi hukumbuka zile za mwanzo na kuiacha ya miezi 18, na hiyo ndiyo ya pili ya surua. Dozi moja ya surua haitoshi.

Sasa, wewe uliye malishoni huenda huna kalenda ukutani, hata ukuta wenyewe huna. Tumia mwezi wa angani. Kutoka chanjo ya wiki 6 hadi ya wiki 10 ni wiki nne, na kutoka wiki 10 hadi wiki 14 ni wiki nne tena. Wiki nne ni karibu sawa na mwezi mmoja wa kuandama. Mtoto akichanjwa mwezi ukiwa mwembamba magharibi, basi mwezi ujao ukionekana mwembamba vivyo hivyo, chanjo inayofuata imefika. Wazee wanajua kuhesabu hivi kuliko sisi wenye simu. Mwambie mzee mmoja wa boma akusaidie kuhesabu, na utaona hatasahau.

Je, ukichelewa? Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa bure. Mtoto aliyechelewa haanzi upya. Anaendelea pale alipoachia, hata kama miezi minne imepita. Ziko chache zenye umri wa mwisho, kama ile ya matone ya kuzuia kuhara, na nesi atakueleza, lakini nyingine zote bado zipo. Tena si lazima urudi kituo ulichoanzia. Chanjo iliyoanzwa North Horr yaweza kuendelezwa Maralal au Moyale, mradi kijitabu cha kliniki kiwepo. Na kama kijitabu kimepotea au kimeliwa na mbuzi (hilo hutokea), nenda hivyo hivyo na useme unachokumbuka. Kuna nesi ambaye humfokea mama aliyechelewa. Hafanyi vizuri, kwa sababu mama huyo hatarudi, na atakayeumia ni mtoto. Wewe mwache amalize kufoka, kisha umpe mtoto achanjwe.

Kijitabu hicho cha afya ya mama na mtoto kitie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ukifunge vizuri. Kisha shika kanuni hii: kijitabu kinakaa na mtoto, hakikai na mama. Mara nyingi familia hugawanyika. Mama anaenda na ngamia wa maziwa, mtoto anabaki na nyanya yake karibu na shule, na kijitabu kimeenda na mama kwa kusahau. Kliniki tamba inapofika kwa nyanya, hana cha kuonyesha. Kama kuna simu yenye kamera, piga picha kurasa za chanjo na umtumie mtu wa mjini azihifadhi.

(Muziki mfupi)

Jambo la pili ni maziwa, na hapa tungependa kina baba nao wasikilize. Ukame unapozidi, mifugo hupelekwa mbali, kwenye fora, pamoja na vijana. Watoto wadogo, wajawazito na wazee hubaki nyuma. Mifugo ikiondoka, maziwa nayo yameondoka, na mtoto wa mwaka mmoja aliyekuwa akinywa maziwa asubuhi na jioni sasa anakunywa chai nyeusi yenye sukari. Hayo tuliyaona katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo na zaidi ya mifugo milioni mbili kufa katika nchi yetu. Watoto wengi walidhoofika hata kabla ya ng'ombe wa nyumbani kwao kufa, kwa sababu ng'ombe hao walikuwa safari ya siku tano kutoka walipokuwa watoto.

Basi kabla ya kugawanya mifugo, swali la kwanza liwe hili: ni wanyama gani wa maziwa watakaobaki na watoto? Hata mbuzi watatu au wanne wanaokamuliwa wanatosha kubadilisha hali ya mtoto mmoja au wawili. Mbuzi hula majani ya vichaka na huvumilia karibu na boma kuliko ng'ombe. Zungumza na mwenye boma mapema, mbele ya mama mkwe akiwepo, kwa sababu neno la mama mkwe huwa zito. Siku ya kuondoka si siku ya kuanza mjadala huo.

Kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi 6, maziwa yako wewe mama ndiyo chakula na ndiyo maji. Hata katika joto la Lodwar au Wajir hahitaji tone la maji mengine. Maziwa ya mama yenyewe kwa sehemu kubwa ni maji, na ni maji safi kuliko yoyote utakayoyapata njiani. Anayehitaji maji zaidi ni wewe unayetembea juani na kunyonyesha, kwa hivyo usijinyime kibuyu ukidhani unamwekea mtoto. Baada ya miezi 6 aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, na aongezewe uji mzito uliotiwa samli au mafuta, maharagwe yaliyopondwa, nyama iliyokatwakatwa, na yai likipatikana.

Ili ujue kama mtoto anadhoofika, omba utepe wa kupima mkono kutoka kwa mhudumu wa afya ya jamii. Ni utepe wenye rangi tatu, mwepesi kama shanga, na unafaa kukaa ndani ya mfuko wetu ule mdogo. Hutumika kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano. Uzungushe katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Kijani, yaani sentimita 12.5 na zaidi, ni vizuri. Manjano ni onyo. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, maana yake mtoto yuko hatarini na anahitaji matibabu upesi, hata kama anacheza. Pia bonyeza mguu wake kwa kidole. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, usingoje utepe ukuambie. Vituo vingi hutoa chakula cha matibabu cha pakiti, kile kinachofanana na siagi ya karanga, na mama huenda nacho nyumbani. Ukimweleza nesi kwamba mnahama, muulize kama anaweza kukupa cha wiki kadhaa, na ni kituo gani huko mnakoenda kitakachoendelea.

(Muziki mfupi)

Maji ya silanga, ambayo ng'ombe nao wameyaingia, huwa na matope. Dawa ya maji haifanyi kazi vizuri ndani ya tope. Yaache yatulie, yamimine polepole kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo uyatibu. Ukiwa na tembe za dawa, soma pakiti, kwa sababu kuna tembe ya mtungi wa lita 20 na kuna ya maji machache zaidi. Kisha ngoja nusu saa kabla ya kunywa. Kuchemsha hadi maji yatokote ni njia nzuri, ila tunajua kuni zinatafutwa mbali na anayezibeba ni wewe.

Lakini kuna njia moja ambayo haigharimu kuni wala pesa, na huko kwetu ambako jua ni kali ni ajabu kwamba haitumiki zaidi. Chukua chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, zilizooshwa vizuri. Zijaze maji maangavu, uzifunge na uzilaze juani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Saa sita za jua kali huua vijidudu vingi vinavyoleta kuhara. Kukiwa na mawingu, ziache siku mbili. Jua haliondoi chumvi, na kuchemsha hakuondoi chumvi pia. Kama kisima cha huko mnakoenda kina maji ya chumvi sana, wekeni akiba ya maji matamu kwa ajili ya uji wa watoto na maji ya kunywa.

Mtoto akiharisha safarini, usisimamishe kunyonyesha. Hapa ndipo zile pakiti za chumvichumvi na tembe za zinki zinapookoa. Weka angalau pakiti nne ndani ya mfuko. Soma imeandikwa nusu lita au lita moja, kwani maji yakipungua dawa inakuwa kali mno. Chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita ni kipimo kizuri. Mpe kidogokidogo kwa kijiko au kikombe baada ya kila kuhara. Zinki anapewa kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma, na aliye chini ya miezi 6 hupewa nusu ya dozi. Akiwa na macho yaliyodidimia, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana damu kwenye choo, amelegea au ametetemeka kwa degedege, geuzeni safari muelekee kituo kilicho karibu zaidi.

Sasa tuguse mahali panapouma. Maziwa mabichi. Tunajua ladha ya maziwa ya ngamia yaliyotoka kukamuliwa, na tunajua mgeni huheshimiwa kwayo. Lakini ugonjwa wa brusela hukaa ndani ya maziwa hayo bila kubadilisha rangi wala harufu. Mtu hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na wengi hutibiwa malaria mara tatu au nne kabla ya kupimwa brusela. Matibabu yake ni ya wiki sita au zaidi. Moshi wa kibuyu huleta harufu nzuri na husaidia maziwa kukaa, lakini haumalizi brusela. Chemsha kwanza, acha yapoe, kisha uyatie kwenye kibuyu kilichofukizwa kama kawaida, pamoja na mabaki kidogo ya maziwa ya jana yaliyochemshwa na kuganda. Yataganda. Kuni zikiwa haba, anza na maziwa ya watoto na ya mjamzito.

Mnyama akitupa mimba, usimshike kitoto kile kwa mikono mitupu, na mtoto asikaribie. Na wanyama wengi wakitupa mimba kwa pamoja baada ya mvua kubwa na mafuriko, mwarifuni chifu au daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Hivyo ndivyo homa ya Bonde la Ufa inavyojitangaza. Mwishoni mwa mwaka 2006 ilianzia Garissa, na hadi ilipokwisha mwaka 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamefariki nchini. Msichinje mgonjwa ili nyama isipotee.

Kuhusu mbwa, neno moja tu. Katika Turkana madaktari wamewapasua watu wengi wenye uvimbe mkubwa wa maji ndani ya ini au tumbo, unaotokana na mayai ya mnyoo wa mbwa. Mbwa asimlambe mtoto aliyejisaidia, asilambe vyombo, na asitupiwe maini au mapafu yenye malengelenge. Chimbeni na mzike.

Mkifika, kabla ya kusimamisha nyumba, tazama vichuguu vya mchwa. Ndani ya nyufa zake hukaa visubi wadogo wanaouma jioni na usiku, nao hueneza kala-azar. Jengeni mbali navyo, na watoto walale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Homa iliyozidi wiki mbili, tumbo likivimba upande wa kushoto na mwili ukikonda, yahitaji kipimo cha kala-azar, si dawa nyingine ya malaria. Mahali pa kujisaidia pawe upande wa chini na mbali na maji, hatua 50 au zaidi, na kinyesi cha mtoto kizikwe pia.

Ikiwa una mimba, hesabu miezi na umwambie mwenye boma mapema kwamba mwezi wa tisa utakukuta karibu na kituo, iwe kwa dada, kwa mama yako au katika nyumba za kungojea kujifungua ambazo baadhi ya vituo vimejenga. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho yakiona ukungu, au mtoto tumboni akiacha kucheza, siku hiyo si ya kuhama bali ya kutafuta gari. Na yeyote anayemeza dawa za kila siku, za kifua kikuu, za virusi vya ukimwi au za kifafa, aombe za miezi kadhaa pamoja na barua ya kuhamia kituo kingine. Kituo hakitamlaumu kwa kuhama. Shida huja akiondoka kimya.

Msaada upo. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja mikoba yenye vifaa, na wengi wao ni watu wa kwenu mnaowajua kwa majina. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa ya hali ya malisho, maji na afya ya watoto kila mwezi kwa kila kaunti kame, na chifu anaweza kukusomea inayohusu mnakoelekea. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa simu 1199 bila malipo. Bima ya afya ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba mwaka 2024. Kujisajili ni kwa kubonyeza *147# ukiwa na kitambulisho, na waliosajiliwa hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Fanyeni hivyo mkiwa bado mahali penye mtandao, na watoto waandikishwe pia.

Na siku mnayopita zahanati kwa mara ya mwisho kabla ya kuondoka, muulize nesi jambo moja zaidi: kliniki tamba hupita lini kwenye kisima mnachokwenda? Mwambie akuandikie siku hiyo kwenye jalada la kijitabu. Ukifika huko, waulize pia wanaochanja mifugo, kwa sababu mara nyingine gari lililoleta chanjo ya mbuzi limebeba na ya watoto.